Mpokeeni ndoo, msimpokonye mtoto

Swali limerudi tena kwenye kikundi chetu, na ni lile lile. Hela ya kliniki imetumwa, ya maziwa ya kopo imetumwa, bibi amehamia kwa wazazi kumlea mjukuu, lakini shemeji yuko vile vile: anakaa tu, na mtoto hamtazami. Ndugu walio mbali wanauliza waongeze nini. Kabla ya kuongeza, kuna kitu cha kupunguza.

Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, au kama huzuni ilianza tangu ujauzito, hiyo ni sonona, na haina uhusiano na uvivu wala kiburi. Huwapata zaidi wenye dhiki, wanaopigwa nyumbani, waliofiwa. Na Hanang wapo waliozika ndugu baada ya maporomoko ya Desemba 3, 2023. Tatizo ni kwamba mama wa Mbulu au Katesh haendi zahanati kusema ana huzuni. Atasema kichwa kinamuuma, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Anapimwa malaria, anapewa panadol, anarudi nyumbani.

Hapo ndipo familia inapokosea, tena kwa nia njema. Wanaona mama amelemewa, wanamchukua mtoto. Bibi anamwogesha, wifi anambeba, kopo la maziwa linachukua nafasi ya ziwa. Mama anabaki na kuni, maji na ng'ombe, yaani kazi zote isipokuwa ile ambayo ingemrudisha kwa mwanawe. Akimwona mtoto ametulia mikononi mwa wengine, anapata uthibitisho wa lile ambalo sonona imekuwa ikimwambia usiku kucha, kwamba yeye hafai.

Mtoto naye anaelewa mapema kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wakae mbele ya watoto wao wachanga kwa dakika chache bila kubadilisha uso. Watoto walitabasamu, wakatoa sauti, wakarusha mikono. Walipokosa jibu waligeuza macho, na wengine wakaangua kilio. Mama mwenye sonona huwa na uso huo usiobadilika bila kuambiwa na mtu: ananyonyesha huku macho yako ukutani.

Dawa ya hili haihitaji jengo. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini waliosoma sekondari tu walifundishwa kuzungumza na mama nyumbani kwake kuhusu afya yake, mtoto wake na watu wanaomzunguka. Matokeo yalitoka mwaka 2008: mtoto alipofika miezi 6, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kwa waliotembelewa kwa kawaida tu walikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2015.

Nyumbani inakuwa hivi: bibi anakaa karibu, lakini mtoto yuko mapajani kwa mama. Mama anamtazama, anangoja. Mtoto akisema "agu", mama anamjibu "agu". Dakika tano zinatosha kuanzia, kisha tena kesho wakati wa kumwogesha. Asiposikia upendo siku ya kwanza, asilaumiwe. Mara nyingi tendo hutangulia, hisia hufuata.

Sasa tuwaulize wenye madaftari ya kliniki. Mtoto anaitwa kliniki wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa surua. Kila mara anapimwa uzito na kuchorewa mstari kwenye kadi. Aliyembeba haulizwi amelala vipi, na ziara zake mwenyewe zinakoma siku ya 42. Ajabu ni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inakiri kuwa kujifungua kunaweza kuvuruga akili ya mama hadi mtoto atimize miezi 12. Yaani mahakama inalijua jambo ambalo foleni ya kliniki hailiulizi! Yapo maswali 10 ya Edinburgh, yaliyotungwa mwaka 1987 na John Cox na wenzake, baada ya Cox kufanya utafiti kwa akina mama wa Uganda. Kiswahili chake kipo, na kuyajaza hakuchukui muda. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Wakifika Dongobesh na Basotu bila swali hata moja kuhusu moyo wa mama, watakuwa wamebeba mizani tu.

Tusisubiri. Ukipiga simu, usianze na "mtoto anaendeleaje?" Omba kuongea na mama mwenyewe, bila mama mkwe pembeni, umuulize kama amewahi kufikiri kujidhuru. Kujaribu kujiua bado ni kosa kisheria, ndiyo maana wengi hunyamaza. Mwambie kuwa kuyasema mawazo hayo si kosa. Akisikia sauti, asipolala kabisa, au akisema mtoto si wake, asiachwe peke yake na mtoto, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Haydom inatibu magonjwa ya akili. Maombi yaendelee, lakini yasicheleweshe gari. Zipo dawa za sonona anazoweza kutumia huku akinyonyesha. Asiache dawa wala ziwa kabla ya kumwona daktari.

Na hela ya kopo, isipokuwa daktari ameagiza, ibadilisheni matumizi: mlipeni binti wa kuteka maji na kukata kuni kwa miezi mitatu.