Tasbihi ya bibi ilipokatika: kumbe kila dini na hesabu yake

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo.

Juzi nilikuwa stendi ya Korogwe nikisubiri gari. Kijana mmoja wa bodaboda kaning'iniza rozari na tasbihi pamoja kwenye kioo kimoja cha pikipiki yake. Abiria akamwuliza, wewe dini yako ipi hasa? Jamaa akacheka: "Zote shanga tu, mzee." Weee! Wenzake wakamrukia. Mmoja anasema kufuru, mwingine anasema huo ni ushirikina, ndiyo maana pikipiki yake haipati ajali. Mimi nikanyamaza, nikakumbuka mambo yaliyotukuta nyumbani.

Kwetu ni mchanganyiko. Baba ni Mzigua wa Handeni, Mwislamu. Mama ni Msambaa aliyekulia Korogwe, Mkatoliki. Walifunga ndoa ya bomani, na kusema ukweli upande wa baba hawakufurahi. Walinyamaza tu, lakini si mnajua kunyamaza kwa ndugu kulivyo.

Mwaka 2009 bibi mzaa baba aliugua, miguu ikagoma kabisa. Mama akafunga safari kutoka Korogwe, kama kilomita 65 hivi, akahamia kwa mama mkwe wake Handeni kumuuguza. Kumwogesha, kumlisha, kumtengea maji ya udhu, yote mama. Siku moja uzi wa tasbihi ya bibi ukakatika. Ilikuwa tasbihi ya mbao, punje 99, aliachiwa na marehemu babu. Punje zikatawanyika chini ya kitanda na kwenye majani ya mkeka. Tukazitafuta kwa kurunzi mpaka usiku, zikapatikana 96. Tatu zikapotea.

Mama hakutaka bibi alale bila tasbihi yake. Akachukua mshipi wa kuvulia samaki, akazitunga zile 96 usiku uleule. Sasa mkono una mazoea yake bwana. Kila akifikisha punje kumi anafunga fundo, anaendelea. Hakufikiria, ndivyo alivyozoea toka utotoni kutengeneza rozari.

Alfajiri bibi kaswali kwa kukaa, kashika tasbihi yake, kaanza. Kufika kumi, kidole kikagonga fundo. Akasimama. Akaanza upya. Kumi tena, fundo. Mzee wa watu akachanganyikiwa, akaanza kulia kimyakimya akidhani akili ndiyo inamtoka. Asubuhi baba mdogo akaja kumjulia hali, akaiona ile tasbihi. Hasira aliyokuwa nayo siisahau. "Shemeji, umeigeuza tasbihi ya mama kuwa rozari makusudi! Mtu anaumwa, wewe unambatiza kwa ujanja?" Akataka mama afungashe arudi Korogwe siku hiyohiyo.

Hebu tusimame hapo kwanza niwaeleze hizo hesabu, maana ugomvi wote ulianzia kwenye fundo.

Tasbihi ya Waislamu huwa na punje 99, zimegawanywa mara tatu kwa 33. Nyingine zina 33 tu, unazunguka mara tatu. Baada ya swala mtu anasema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 33, kisha anakamilisha mia kwa shahada ya kumpwekesha Mungu. Pia kuna hadithi mashuhuri kwamba Bi Fatma alipomwomba Mtume mtumishi wa kumsaidia kazi za nyumbani, Mtume akamfundisha yeye na mumewe maneno hayohayo ya kusema kabla ya kulala, 33, 33 na 34. Vilevile 99 inaendana na majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Watu wa tarika, kama Kadiria iliyosambazwa pwani yetu na kina Sheikh Uways wa Barawa (aliyeuawa mwaka 1909), huitumia sana kwenye nyiradi zao.

Rozari ya Wakatoliki ni mambo mengine. Ina punje 59, yaani 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Unaanzia kwenye msalaba na Kanuni ya Imani, kisha unaingia kwenye mafungu matano ya punje kumikumi. Katika kila fungu unatafakari tendo moja la maisha ya Yesu na mama yake. Zamani matendo yalikuwa 15, ya furaha, ya uchungu na ya utukufu. Piga hesabu: 15 mara 10 ni 150, sawasawa na zaburi 150. Watu wasiojua kusoma walisali Salamu Maria badala ya zaburi. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili akaongeza matendo matano ya mwanga, yakawa 20. Neno lenyewe rozari linatokana na Kilatini, bustani ya mawaridi.

Mnaona? Mama alihesabu kumi, bibi alihesabu 33. Hakuna aliyembatiza mtu.

Turudi nyumbani. Bibi alimsikiliza mwanawe mpaka akamaliza, halafu akasema kwa sauti ileile ya ugonjwa: "Mwanangu, mwaka jana si wewe uliyeniambia hii tasbihi ni bidaa, niitupe nihesabu kwa vidole? Leo imekuwa takatifu kwa sababu kaigusa mke wa kaka yako?"

Baba mdogo kimya. Na hapo bibi alimshika pabaya, maana mjadala huo upo kweli misikitini kwetu Tanga. Kuna hadithi kwamba Mtume aliwaelekeza wanawake wahesabu kwa vidole, kwa kuwa vidole vitaulizwa na vitasemeshwa Siku ya Kiyama. Wenye msimamo mkali wanasema basi vidole vinatosha, uzi wa punje ni uzushi. Wengine wanajibu kwamba hadithi zinataja pia watu waliohesabu kwa kokwa za tende na vijiwe mbele ya Mtume mwenyewe, na tasbihi ni kokwa zilizotungwa uzi, basi. Lakini wote wanakubaliana jambo moja: tasbihi si kama msahafu. Ni chombo cha kuhesabia. Haibatilishwi na mkono wa mtu.

Kwa Wakatoliki iko tofauti kidogo. Rozari iliyobarikiwa na padri inahesabiwa kuwa kitu kitakatifu, na kanuni za Kanisa zinataka vitu vya namna hiyo vitumiwe kwa heshima. Ndiyo maana wazee wanakereka wakiona vijana wameivaa shingoni kama cheni ya urembo. Na msidhani ni ya Wakatoliki peke yao. Waanglikana wa kwetu, kuanzia Magila hadi Kideleko kule Handeni, walilelewa na wamisionari wa UMCA waliopenda ibada za namna ya kikatoliki, kwa hiyo usishangae kumkuta Mwanglikana na rozari. Walokole ndio hawataki kabisa, wanasema Yesu alikataza kupayukapayuka kwa kurudia maneno.

Baada ya sakata lile nikaanza kuchimba, hela yangu ikaishia kwenye kafe za intaneti. Kumbe dunia nzima inahesabu! Wahindu wana mala ya punje 108 na moja kubwa inayoitwa meru. Ukifika kwenye meru huivuki, unageuza uzi unarudi ulikotoka, na kidole cha shahada hakigusi. Wabudha nao ni 108. Pale Upanga, Dar es Salaam, wana hekalu lao lililoanzishwa na Wasinhala enzi za Mwingereza. Wabahai husema jina la Mungu mara 95 kwa siku. Waorthodoksi hawatumii punje, wanatumia kamba ya mafundo, mara nyingi 100, na kila fundo ni ombi la "Bwana Yesu Kristo, unihurumie". Na wale Wagiriki waliokuwa na mashamba ya mkonge mkoani kwetu? Kigiriki kina vitu viwili: kamba hiyo ya sala, na komboloi, ambayo ni shanga za kuchezea mkononi kupoteza mawazo, hazina dini yoyote. Hata neno la Kiingereza la shanga, zamani maana yake ilikuwa sala.

Sasa zile punje tatu zilizopotea. Mdogo wangu, wakati huo yuko darasa la pili, akakimbia porini akarudi na turituri, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Anang'aa mtoto, kapata dawa ya ugomvi! Mama akazipiga teke zikaruka nje. Wadau, hili mlishike hata mkisahau mengine yote. Mbegu ya mturituri ina sumu kali sana. Ikimezwa nzima inaweza kupita kwa sababu ganda lake ni gumu, lakini ikitafunwa au ikitobolewa, hata moja inaweza kuua mtoto. Na kuitunga ni lazima uitoboe! Jina lake la kisayansi ni Abrus precatorius, hilo la pili likitokana na neno la Kilatini la kuomba, kwa sababu nchi nyingi walizitungia tasbihi na rozari. Mwaka 2011 kule Uingereza bangili za mbegu hizohizo zilirudishwa kutoka kwa wateja baada ya kuonekana ni hatari. Ukimwona mtoto ametafuna, usingoje atapike, usitafute mitishamba, kimbiza hospitali. Dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo hakuna, wanakutibu kwa kukusaidia mwili uhimili.

Bibi ndiye alitoa hesabu, yeye ambaye hajakanyaga shule. Akamwambia mama: "Mwanangu, 96 zinagawanyika. Nitungie thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na mbili. Ile ya 33 nitaihesabu kwa kidole." Kisha akamgeukia baba mdogo: "Na wewe roho yako itulie, kidole chako nacho kimo." Baba mdogo akacheka mpaka akatoka nje kujifuta machozi. Akarudi akamwambia mama, "Shemeji, nisamehe." Akakaa chini akawa anamshikia mshipi mama akitunga.

Bibi alifariki mwaka 2010. Mirathi haikuwa na mgogoro, maana hakukuwa na mali. Baba mdogo aliomba kitu kimoja tu, ile tasbihi. Anayo mpaka leo, ya mshipi wa samaki, na hajaongeza zile punje tatu.

Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda nimwambie hivi: umepatia nusu. Ni shanga tu, kweli, mpaka mtu aanze kuhesabu. Akishaanza, uliza kwanza anahesabu nini kabla hujafunga fundo lako.

Nyie kwenu mnahesabu kwa nini? Karibuni jamvini, bila matusi tafadhali.