Kipindupindu chafunga soko la sangara

BIASHARA ya minofu ya sangara katika Ziwa Victoria ilipata pigo kubwa Januari 16, 1998, pale Tume ya Ulaya ilipopiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Marufuku hiyo iliondolewa mwishoni mwa Juni mwaka huo huo. Ni miezi mitano na nusu tu katika kalenda, lakini kwa miji inayoishi kwa samaki, kama Musoma, Homa Bay na mialo ya visiwa vya Ukerewe, ilikuwa ni msimu mzima wa fedha kukauka.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kubuni. Mkoa wa Nyanza nchini Kenya ulianza kupokea wagonjwa Juni 1997, na mvua za El Niño zilizoanza baadaye mwaka huo zikazidisha hali. Hadi Machi 1998, hospitali za Nyanza zilikuwa zimelaza wagonjwa 14,275, na 547 kati yao walifariki. Tanzania kwa mwaka 1997 pekee iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000.

Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Nyanza walikuta kwamba waliougua zaidi ni waliokunywa maji ya ziwa au ya mto, waliokula chakula pamoja na mtu anayeharisha, na waliohudhuria karamu za matanga. Vijiji vinavyopakana na ziwa vilikuwa na hatari kubwa kuliko vya bara. Mwenye kuujua mwalo wa miaka ile hatashangaa. Mamia ya wavuvi, makuli, wachuuzi na mama ntilie walikusanyika ufukweni, vyoo vilikuwa vichache au havikuwepo kabisa, na ndoo ya maji ya kunywa ilichotwa hatua chache kutoka mahali samaki walipooshwa. Halmashauri zilikusanya ushuru wa samaki kila siku. Fedha iliyorudi mwaloni kama bomba la maji au choo ilikuwa kidogo mno.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kuangalia ni namna fedha inavyotembea katika biashara hii. Kiwanda humpa wakala fedha taslimu na barafu. Wakala humkopesha tajiri wa mitumbwi nyavu, mafuta na wakati mwingine injini, kwa ahadi kwamba sangara wote watauzwa kwake. Tajiri naye huwalipa vibarua wake kwa sehemu ya mavuno, na kibarua hununua unga, sabuni na mafuta ya taa kwa mkopo katika duka la mwaloni. Mnyororo wote huo unasimama juu ya malipo ya mnunuzi aliyeko Ulaya. Marufuku ilipotangazwa, viwanda vingine vilifunga na vingine vikapunguza zamu, mawakala wakaacha kununua kwa bei ya awali, na mwenye duka akabaki na daftari la madeni. Huyu wa mwisho hakuwa na mahali pa kulalamika. Hakuna marufuku iliyotaja duka lake, wala hakuna taarifa ya serikali iliyohesabu hasara yake.

Agizo la Ulaya, hata hivyo, halikufunga milango yote. Minofu iliyogandishwa iliendelea kuingia kwa masharti ya kupimwa. Kiwanda kilichokuwa na vyumba vya kutosha vya kugandisha kiliweza kujikongoja. Kilichotegemea minofu mibichi ya kusafirishwa kwa ndege kilikuwa taabani, kwa kuwa bidhaa hiyo haiwezi kusubiri hata wiki. Soko la ndani nalo lilipata samaki ambao siku za kawaida lisingewaona. Kwa miaka kadhaa wakazi wa miji hiyo walikuwa wamezoea kununua mapanki, au mgongo wazi kama wanavyoyaita Kenya, yaani mifupa inayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa. Bei ya sangara mzima iliposhuka, mlaji mwenye kipato alifaidika. Ila mchuuzi wa mapanki alipungukiwa na mali, kwa sababu kiwanda kisichokata minofu hakitoi mifupa. Biashara ya kayabo, yaani sangara wa chumvi wanaokwenda Kongo na nchi jirani, haikuguswa na agizo hilo.

Je, marufuku ilikuwa ya haki? Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yote yalisema kuzuia samaki si njia inayofaa ya kupambana na kipindupindu. Vimelea vya ugonjwa huo hufa chakula kinapopikwa vizuri, na ushahidi wa ugonjwa kusafiri kwa chakula kilichoingizwa kibiashara ulikuwa mdogo sana. Machi 1998 Tanzania ililifikisha suala hilo mbele ya kamati ya Shirika la Biashara Duniani (WTO) inayoshughulikia afya ya vyakula, mjini Geneva, na hoja hizo zikatajwa. Kisayansi, Tanzania ilikuwa na kesi nzuri.

Lakini mnunuzi ana lake. Hispania na Italia zilikuwa zimeshazuia mizigo ya sangara kwa sababu ya salmonela kabla kipindupindu hakijawa gumzo, na sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 ilidai usafi ulingane na wao tangu boti hadi kiwandani. Wakaguzi wakifika kwenye kiwanda kinachong'aa vigae walikuta mambo safi. Wakishuka mwaloni walikuta samaki juu ya mchanga. Hivyo hoja ya WHO ilikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, na mkaguzi naye alikuwa sahihi kuhusu mchanga.

Viwanda vilivyobaki vilianza kuweka fedha katika maabara, boti zenye barafu na mafunzo ya wafanyakazi. Gharama hizo ziliingia katika bei, na zilimfikia mvuvi zikiwa makato. Soko lilipofunguliwa Juni 1998 wengi wao walirudi ziwani wakiwa na madeni ya nyavu zilizokaa bila kazi.

Hawakupata hata mwaka wa kuyalipa. Aprili 1999 Ulaya ilifunga tena, safari hii kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu ya kuulia wadudu. Tanzania iliruhusiwa kurudi sokoni mwanzoni mwa 2000. Kenya ilisubiri hadi mwishoni mwa mwaka huo.