Zaburi ya 88 Kambini

Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufanya mto Tana uvunje kingo, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilifunikwa na maji na familia nyingi zikahamia miinukoni. Mwaka uliofuata, msimu wa masika, mafuriko yakarudi. Nyakati kama hizo, mama ambaye shamba lake la mpunga limezama huletewa unga na neno moja la faraja: ni mapenzi ya Mungu. Unga hupimwa kwa makini. Neno hilo hutolewa bila kipimo.

Yesu mwenyewe hakulitoa kirahisi hivyo. Katika Luka 13 anautaja mnara wa Siloamu, ulioua watu 18, na anakataa kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko wenzao. Wala haelezi kwa nini mnara ulianguka.

Na mateso mengine yana mkono wa mtu. Mabwawa ya juu ya Tana, kama Masinga na Kiambere, yakijaa hadi kufurika, maji hayo hushukia bondeni huku. Mkristo wa Garsen anaweza kumtumaini Mungu na papo hapo akadai kujua onyo la mafuriko lilichelewa wapi. Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa wakati wa mapigano ya Tana Delta. Kuyaita hayo mapenzi ya Mungu ni kumbebesha Mungu damu iliyomwagwa na wanadamu.

Sasa, kumtumaini ni kufanya nini? Jibu ninaloliona la kweli zaidi limo katika zaburi za maombolezo, ambazo kwa hesabu ya wataalamu ni takriban theluthi ya Zaburi zote 150. Nyingi huanza na kilio zikaishia kwenye sifa. Zaburi ya 88 haifiki huko. Mwombaji analia usiku na mchana, anamuuliza Mungu kwa nini amemficha uso, na zaburi inakwisha gizani. Hakuna jibu. Lakini walioikusanya Biblia hawakuiondoa.

Ndipo ilipo tofauti na manung'uniko ya Waisraeli jangwani. Wao walimsema Mungu pembeni, hemani mwao. Mwombaji huyu anamkabili, na kumkabili huko ndiko kutumaini kwake. Isaya 43 nayo iliwaahidi watu waliokuwa utumwani Babeli kwamba Mungu atakuwa nao majini. Haikuwaahidi kwamba hawatapita majini.

Bonde hili linayajua hayo tangu zamani. Mwaka 1886, mmisionari Mmethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika shambulio Golbanti, misheni ikiwa bado changa. Hata hivyo misheni iliendelea. (Sisemi vifo vile vilikuwa na faida, wahubiri huipenda mno hesabu hiyo.)

Maji yakishuka, Wapokomo, wakulima wa bonde hili, hupanda katika udongo wenye rutuba ulioachwa na mto uleule uliowahamisha. Anayepanda hana hakika kama maji yatarudi kabla ya mavuno. Kwa hiyo mchungaji akiisoma Zaburi ya 88 katika kambi ya waliohamishwa na mafuriko, asikimbilie kuiongezea ya 23 ili watu watabasamu. Aache ukimya udumu kidogo, asikilize, kisha aulize mbegu za msimu ujao zitatoka wapi.