Elektroniki na Fotoniki: Haja ya Kuunda Istilahi kwa Pamoja

Hivi karibuni tulionyeshwa tafsiri ya hati ya zabuni ambamo nyuzi za kioo zipitishazo mawasiliano ziliitwa "nyaya za taa". Mnunuzi aliyeisoma angeliweza kuagiza nyaya za kufungia balbu nyumbani. Kosa hilo si la mfasiri peke yake. Ni dalili kwamba fani imekua upesi kuliko istilahi zake.

Tangu transista ilipobuniwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1947, kazi ya elektroniki imekuwa hasa kuziongoza elektroni ndani ya nusukipitishi, yaani maada ipitishayo umeme kuliko kioo lakini isiyofikia shaba. Mwaka 1971 chipu ya Intel 4004 ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Leo ziko chipu zenye transista mabilioni. Fani ya kuunda sehemu ndogo mno namna hiyo juu ya silikoni ndiyo maikroelektroniki.

Hata hivyo, kadiri habari zinavyozidi kupita kati ya chipu na chipu, nyaya za shaba hupoteza nishati nyingi kwa njia ya joto. Ndiyo maana wahandisi wanazigeukia fotoni, yaani chembe za mwanga, ili zichukue habari mahali pa elektroni. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1966 Charles Kao alieleza kwamba nyuzi za kioo kilichosafika zingeweza kupeleka mawasiliano mbali, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, wenye nyuzi za namna hiyo, ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Jambo jipya ni kuuleta mwanga hadi ndani ya chipu. Ugumu uliopo ni kwamba silikoni hupitisha vema mwanga wa infraredi, lakini haiutoi kwa urahisi. Hivyo leza hutengenezwa kwa maada nyingine, kama vile indiamu fosfaidi, kisha huunganishwa na silikoni.

Je, fani hii iitweje? "Uhandisi wa mwanga" ni jina linalopendeza masikioni, ila lina kasoro mbili. Kwanza, humfanya msomaji afikirie taa na kumulika. Pili, mwanga utumikao katika nyuzi za masafa marefu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550 hivi, hauonekani kwa macho. Kwa hiyo twapendekeza "fotoniki". Kama elektroni ilivyozaa elektroniki, fotoni nayo na izae fotoniki. Hapo mwalimu ataweza kufundisha "saketi ya elektroni" na "saketi ya fotoni" bega kwa bega, na mwanafunzi ataona udugu wake bila kuelezwa.

Kukopa huku hakuyafukuzi maneno yetu. "Mwanga" libaki kwa mwanga wenyewe, "uzi wa kioo" kwa uzi mmoja, na "mkongo" kwa kebo nzima, kwani umma umekwisha kulizoea.

Fani hizi mbili sasa zinakutana katika chipu moja. Istilahi zake zikiundwa mbalimbali, kila ofisi kwa njia yake, hati za zabuni zitaendelea kuagiza nyaya za taa. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaombwa watuletee maoni yao mapema, kabla makosa hayajawa mazoea.