Akaunti ikifungwa: sababu ni haki ya muuzaji au hisani ya mwenye soko?

Mpangaji wa duka akitakiwa kuondoka hupewa notisi, na akiona ameonewa anajua mlango wa kubisha: baraza, wakili au mahakama. Mwenye duka la mtandaoni hana uhakika huo. Anaweza kukuta asubuhi akaunti imefungwa na maelezo ni mstari mmoja kwamba amekiuka masharti. Masharti yapi, lini, kwa bidhaa ipi? Haambiwi.

Jambo hili si la vijana wa kupiga soga tu. Wauzaji wa mitumba, vipuri, vipodozi na simu katika Tanzania na Kenya hupokea oda kwa WhatsApp na kutangaza bidhaa kwa Instagram na Facebook. Wengi hawana orodha nyingine ya wateja. Kwao akaunti ndiyo duka, na ndiyo daftari la wateja pia.

Kesi inayofaa kusomwa na kila muuzaji ni ya Amazon nchini Ujerumani. Novemba 2018, Bundeskartellamt, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ushindani wa biashara, ilifungua uchunguzi baada ya kupokea malalamiko mengi ya wauzaji wanaouza kupitia soko la kampuni hiyo. Mkataba wa wakati huo uliipa Amazon haki ya kufunga akaunti ya muuzaji papo hapo bila kutaja sababu. Aidha, aliyetaka kushtaki alielekezwa kwenye mahakama za Luxembourg, safari ambayo muuzaji mdogo wa sufuria hawezi kuigharamia kwa faida ya sufuria.

Julai 2019 shauri lilimalizika baada ya Amazon kukubali kurekebisha mkataba. Kumwondoa muuzaji kwa utaratibu wa kawaida kukawekewa notisi ya siku 30, kumfungia ghafla kukahitaji maelezo ya sababu, na Luxembourg ikaacha kuwa mahali pekee pa kushtaki. Marekebisho hayo yalivuka mipaka ya Ujerumani, yakaingia katika masoko ya kampuni hiyo ya nchi nyingine.

Kilicholeta mabadiliko hayo si huruma. Wauzaji walilalamika kwa wingi mbele ya chombo chenye meno, nacho kilitilia maanani kwamba Amazon ni msimamizi wa soko na papo hapo ni muuzaji ndani ya soko lile lile. Kwa lugha ya sokoni, mwenye ufunguo wa lango naye ana meza yake ya nyanya ndani.

Umoja wa Ulaya nao ulitunga Kanuni namba 1150 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020. Kanuni hiyo ilitaka soko la mtandaoni linalomsimamisha mfanyabiashara limpe sababu kwa maandishi, kabla ya kumsimamisha au wakati ule ule. Likitaka kuachana naye kabisa, sababu zimfikie angalau siku 30 kabla, isipokuwa kwa hali chache kama vile makosa ya kurudiarudia. Sababu yenyewe itaje tukio na kifungu cha masharti kinachohusika. Hata hivyo, waliolindwa ni wafanyabiashara wenye makao Ulaya wanaowauzia wateja wa Ulaya. Mchonga vinyago wa Mwenge au msusi wa vikapu wa Machakos hakuwamo.

Nje ya Ulaya, makampuni yakidaiwa uwazi mara nyingi hutoa hesabu. Chini ya kanuni za India za mwaka 2021, WhatsApp ilianza kuchapisha taarifa kila mwezi. Ya kwanza, ya kati ya tarehe 15 Mei na 15 Juni mwaka huo, ilionyesha kuwa akaunti milioni 2 za nchi hiyo zilifungwa. Kampuni ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 95 zilifungwa kwa sababu ya kutuma ujumbe kwa mkupuo au kwa mitambo bila ruhusa. Mwenye duka anayetuma tangazo moja kwa namba 500 ajiangalie hapo.

Hesabu hiyo ina faida yake, lakini haimsaidii yule mmoja kati ya milioni 2 aliyefungiwa kimakosa. Ni sawa na soko la hisa kutangaza kwamba madalali wanne wamesimamishwa, bila kutaja majina wala makosa. Kanuni za Santa Clara, zilizoandikwa na wanaharakati na wasomi mwaka 2018, zilitaka mambo matatu yaende pamoja: idadi, taarifa kwa aliyefungiwa, na rufaa. Idadi ndiyo rahisi kuliko zote.

Makampuni yana hoja ya kujitetea, na si hoja ya kupuuzwa. Tapeli akielezwa kinaganaga jinsi alivyonaswa, kesho atarudi kwa njia nyingine. Lakini kutaja kosa ni jambo moja, na kufichua mtego ni jambo jingine. Muuzaji anaweza kuambiwa kwamba viatu fulani vimeshukiwa kuwa bandia bila kuonyeshwa jinsi mtambo ulivyovitambua.

Muda wa adhabu nao hufichwa. Facebook ilipomfungia Donald Trump Januari 2021 kwa muda usio na mwisho, bodi ya usimamizi iliyoundwa na kampuni yenyewe iliamua tarehe 5 Mei 2021 kwamba kulikuwa na sababu ya kumfungia, ila adhabu isiyo na kikomo haikuwamo katika kanuni za kampuni. Juni mwaka huo adhabu ikawekwa kuwa miaka miwili. Muuzaji wa kawaida hana bodi ya kumsemea hivyo.

Ajabu ni kwamba uwazi mkubwa uko mahali pasipouzwa kitu. Katika Wikipedia, mtu yeyote anaweza kufungua orodha na kusoma nani amezuiwa, na msimamizi gani, kwa muda gani na kwa sababu ipi.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza fedha katika biashara ya mtandaoni aulize mambo ya daftari. Ni sehemu gani ya mauzo inapitia akaunti moja? Orodha ya wateja ipo nje ya simu? Fedha za mauzo hukaa mikononi mwa mwenye soko siku ngapi kabla ya kulipwa, na zikizuiwa biashara itahimili wiki ngapi? Akaunti imeandikishwa kwa jina la nani? Biashara yenye mauzo mazuri ambayo akaunti yake iko kwenye namba ya simu ya shemeji inunuliwe kwa bei ya chini, au isinunuliwe mpaka namba ibadilishwe.