Damu Baada ya Hedhi Kukoma: Si Siri, Ni Hatari



Mama mmoja wa Dzaleka, kibarua wa tumbaku, alitokwa na damu miezi minane. Hedhi yake ilikwisha koma siku nyingi, naye alidhani imerudi. Alinyamaza, maana siku bila kazi ni siku bila posho. Tulipojua, tulichangishana nauli tukamsindikiza mpaka Lilongwe. Jibu likawa kansa ya mji wa mimba.

Tuliuliza: inaanzaje?

Mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya kila seli mna jeni, ndizo amri za kazi. Homoni ya estrojeni huuamrisha utando wa mji wa mimba uote. Projesteroni huuambia: basi. Hedhi ikikoma, projesteroni hupungua sana, lakini mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni. Mwenye unene mwingi yumo hatarini zaidi.

Jeni ya PTEN ni breki. Ikivunjika, mashine haisimami. Jeni ya MLH1 ni fundi wa kusahihisha makosa seli inapojinakili. Asipokuwapo, makosa hurundikana. Jeni ya TP53 ni mkaguzi wa seli mbovu. Akiharibika, kansa huwa kali. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliigawa kansa hii mafungu manne kwa kusoma jeni zake. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa kansa hiyo huweza kuhitaji matibabu tofauti.

Koo nyingine hurithi ubovu wa fundi yule. Kama ndugu yako wa damu aliugua kansa hii au ya utumbo mpana angali kijana, mwambie daktari.

Angalieni jambo hili. Kipimo cha siki hutafuta kansa ya mlango wa kizazi, iletwayo na virusi. Kifanyeni, lakini hakiioni hii ya ndani. Hii hujulikana kwa kukata kipande kidogo cha utando na kukitazama maabara.

Si kila damu ni kansa. Lakini katika wanawake kumi wenye kansa hii baada ya hedhi kukoma, karibu tisa huona damu. Ikigunduliwa mapema, upasuaji huponya wengi.

Mwenzetu amepasuliwa, anaendelea na matibabu. Miezi minane ile hairudi.

Kwa hiyo tunadai ruhusa ya hospitali bila kukatwa ujira, kwa kibarua na wa kudumu, raia na mkimbizi. Nanyi akina baba, msione haya: waulizeni wake na mama zenu leo.

Umoja ni nguvu.