Kabla ya kununua Singer ya mkono, vuta kibati

Watu wengi wakiletewa Singer ya zamani ya mkono hutazama mambo mawili: nakshi za dhahabu zimebaki kiasi gani, na gurudumu linazunguka au limeganda. Yote mawili yanaweza kusubiri. Mimi huvuta kwanza kile kibati cha kutelezesha kilicho karibu na sindano nione kama shato, kile kipande kinachobeba bobini, imo. Isipokuwemo, ninachouziwa ni chuma kizito chenye jina zuri.

Huku Kibamba, Dar es Salaam, cherehani hizi zipo kuliko watu wanavyodhani. Familia zilizouza nyumba Magomeni au Ilala na kuja kujenga kandokando ya Barabara ya Morogoro zilibeba na masanduku ya bibi. Ndani ya baadhi yake mmekaa cherehani ya mkono iliyoshona kanzu na sare za shule enzi ambazo umeme ulikuwa wa wachache. Haikuhitaji meza wala soketi. Iliwekwa juu ya mkeka, mkono wa kulia ukazungusha mpini na wa kushoto ukaongoza kitambaa. Anayeiuza leo huwa mjukuu, na mnunuzi wa kwanza kubisha hodi ni yule wa vyuma chakavu mwenye mizani.

Mnunuzi wa pili ni dalali wa zebaki nyekundu, na huyu nimalizane naye mapema. Aprili 2009 uvumi ulilipuka Saudi Arabia kwamba Singer kuukuu zina zebaki nyekundu ndani ya sindano, na kwamba ukisogeza simu ya mkononi karibu ikakata mtandao, umetajirika. Magazeti yaliripoti bei zilizotajwa hadi riyali 200,000 kwa cherehani moja. Dhana hiyo imezunguka hadi kwetu. Ndani ya Singer hakuna chumba cha kufichia kimiminika chochote: kuna chuma cha kuyeyushwa, mikono ya chuma cha pua, skrubu na mafuta. Hiyo zebaki nyekundu yenyewe hakuna mtaalamu aliyewahi kuthibitisha kwamba ipo. Simu ikikata mtandao Kibamba, tafuta sababu kwenye mnara.

Turudi kwenye shato. Cherehani za mkono za aina ya 27, 28, 127 na 128 hushona kwa shato ndefu yenye umbo la risasi, inayopepea mbele na nyuma chini ya sindano. Bobini yake nayo si kisahani, ni kijiti kirefu chembamba chenye vichwa viwili. Vitu hivi viwili ndivyo hupotea kwanza. Mtoto huchezea bobini, shato huanguka wakati wa kusafisha, na miaka 30 baadaye hakuna anayekumbuka. Sindano si tatizo, kwa sababu aina hizi zinatumia sindano ya kawaida ya nyumbani ambayo duka lolote la vifaa vya ushonaji Kariakoo linayo. Shato ya risasi ndiyo ya kuagiza mbali na kusubiri.

Aina ya 15 ni habari nyingine kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani viliiga muundo wake, na vya China vikafuata. Butterfly, ile ya Shanghai inayoonekana kwenye vibaraza vya mafundi wetu, ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo bobini na kikombe chake unavyonunua kwa ajili ya Butterfly kwa kawaida huingia kwenye Singer 15 ya zamani bila ugomvi. Mkusanyaji anayetaka cherehani ya kushonea, si ya kupamba sebule, aanze na hiyo. Najua wapo watakaoniambia kwamba 128 ina nakshi nzuri zaidi, na ni kweli, ila nakshi hazishoni pindo.

Kuhusu umri, usisikilize maneno ya muuzaji. Soma nambari iliyogongwa juu ya kitako, upande wa kulia. Nambari tupu isiyo na herufi kwa kawaida ni ya karne ya 19. Ukikuta herufi mbili zinazoanza na E, kama EE au EG, hiyo ilitoka Clydebank huko Scotland, kati ya miaka ya 1930 na 1960. Herufi K inayofuata namba ya aina, kama 99K au 128K, inataja kiwanda hichohicho, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Kuna pia beji ya miaka mia moja, yenye maandishi ya 1851 na 1951, ambayo wauzaji huipandishia bei. Beji hubanduliwa na kuhamishwa. Nambari imegongwa kwenye chuma.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kisanduku cha vifaa, na hiki watu hukitupa kwa kutojua. Mwaka 1889 ilisajiliwa hataza ya kisanduku cha mbao kinachojikunjua kikawa ubao bapa, kila kifaa kimebanwa mahali pake: cha kukunja pindo, cha kuvalisha ukingo wa kitambaa, cha kupiga marinda. Baadaye vikaja visanduku vya bati vya kijani na masanduku ya kadibodi. Kipiga marinda ndicho kinachostahili macho yako. Kina mkono unaoshikwa na skrubu ya sindano, na kila sindano ikishuka, ulimi wa chuma husukuma kitambaa kikajikunja. Mshono wa gauni la mtoto ambao fundi angetumia saa nzima kuukusanya kwa vidole humalizika kwa dakika chache. Na kwa kuwa Singer nyingi za nyumbani zilitumia mguu mfupi unaobanwa kwa skrubu ya pembeni, kifaa hicho cha miaka ya 1930 huingia hata kwenye Butterfly ya leo. Fundi wa Kwembe jirani mwenye Butterfly tu ana sababu ya kukitafuta.

Ukishaipeleka nyumbani, isafishe taratibu. Cherehani iliyoganda mara nyingi haijafa, imewekewa mafuta ya kula au ya nazi yakageuka gundi. Tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu, subira ya usiku mmoja, kisha mafuta halisi ya cherehani. Spiriti usiiguse kabisa: nakshi zimefunikwa kwa vanishi ya zamani ambayo spiriti huiyeyusha, na dhahabu huondoka na kitambaa chako. Sanduku la mbao lililopindwa liinue kutoka sakafuni. Gundi yake ya zamani huachia kwenye unyevu wa masika, na mchwa wa Kibamba hawabagui.

Imebaki Singer 221, ile ndogo ya umeme iliyozinduliwa mwaka 1933, ya aluminiamu, yenye uzito wa takriban kilo 5 na kitako kinachokunjwa juu. Ikifika hapa kutoka Marekani, mota yake kwa kawaida ni ya volti 110, na ukiichomeka kwenye soketi ya TANESCO ya volti 230 itaungua. Soma kibandiko cha mota kabla ya kulipa na uhesabu gharama ya transfoma ndani ya bei. Kagua pia waya za kanyagio. Mpira wake wa zamani hukauka na kupasuka, na waya wa namna hiyo hubadilishwa na fundi umeme kabla ya cherehani kuchomekwa popote.